Mjadala: Programu ya sataranji ianze na kasi, au na mpangilio wa hatua?

Wanaounda programu za sataranji hawakubaliani hapa. Wapo wanaosema kompyuta za leo zina mbio, ziache zipekue hatua jinsi zinavyojitokeza. Wengine wanataka upangaji wote, yaani hatua ipi itazamwe kwanza, uachiwe mitandao ya neva (mifumo ya kompyuta inayojifunza yenyewe). Mimi napinga hoja zote mbili, hasa ya kwanza.

Tupige hesabu. Kila zamu ina wastani wa hatua 35 hivi. Ukipekua zamu 6 mbele unafikia miisho, yaani nafasi za mwisho za kutathmini, karibu bilioni 1.8. Alfa-beta, mbinu ya kupekua, inakuruhusu kukata: likipatikana jibu moja linaloiangusha hatua, majibu mengine hayana haja ya kutazamwa. Uchambuzi wa wanasayansi wa kompyuta Knuth na Moore wa mwaka 1975 unaonyesha kwamba jibu bora likitangulia kila mahali, miisho inabaki 85,749 tu. Mpangilio ukiwa mbovu kabisa, hukati chochote. Haya, nunua mashine yenye kasi mara kumi: bila kukata, hata zamu moja zaidi huipati, maana inadai kazi mara 35. Ukipanga vizuri, inadai kwa wastani kama mara 6.

Na kupanga ni rahisi mno. Tuseme ngome nyeupe iko mraba wa e1, inatishia kwenda e8 na kumfunga mfalme mweusi. Mweusi ana hatua thelathini, nyingi hazizuii tishio hilo. Programu ikikumbuka kwamba e8 ilimaliza kazi mara ya kwanza, inaijaribu mwanzo kwenye kila tawi jirani (jibu lingine la Mweusi) na kusonga mbele. Kumbukumbu ya hatua mbili tu kwa kila kina cha upekuzi! Ndiyo maana naitaka itangulie hata kabla ya kutathmini nafasi kwa ustadi. Kwenye kula kete, kanuni ya mdogo kumla mkubwa kwanza inatosha kuanzia, ila malkia kumla askari anayelindwa irudishwe nyuma kabisa.

Mitandao ya neva ina hoja nzito, sikatai. Programu ya AlphaZero, inayotumia mtandao wa neva, mwaka 2017 ilipekua nafasi kama 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za programu ya Stockfish, ikashinda, kwa kuwa mtandao ulichagua pa kutazama. Lakini iliendeshwa na vifaa maalumu vya gharama. Stockfish yenyewe ilipokea mtandao mwaka 2020 kwa kutathmini nafasi. Hatua bado inazipanga kwa majedwali ya zilizofaulu awali.

Anayeshikilia kasi atueleze: hiyo mara 35 ataitoa wapi?