Mrejesho: stenti ya baba kwenye mshipa wa baipasi
Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu baba, mvuvi mstaafu hapa Kirumba, Mwanza: alifanyiwa baipasi (upasuaji wa kuupa moyo njia mpya ya damu) miaka 11 iliyopita, na mshipa uliotolewa mguuni kuwa njia hiyo umeanza kuziba. Je, awekewe stenti (kibomba cha wavu wa chuma cha kuuweka mshipa wazi) yenye dawa au ya chuma tupu?

Mliniambia niulize kwanza kama mshipa wake wa asili wa moyo, ule uliorukwa na baipasi, unaweza kufunguliwa. Walijaribu kule Dar, ikashindikana, umejaa chokaa. Wakaweka stenti mbili kwenye ule mshipa wa baipasi. Daktari alitueleza kwamba utafiti wa DIVA wa 2018 haukuona tofauti ya maana kati ya stenti yenye dawa na ya chuma tupu kwenye mishipa ya aina hiyo baada ya mwaka mmoja. Akachagua yenye dawa.

Aliyenikumbusha kichujio cha kunasa uchafu usishuke kwenye moyo, Mungu akubariki. Kilitumika. Nilionyeshwa punje za njano zilizonaswa, nikatetemeka.

Sasa mzee anatembea hadi soko la Mwaloni kuangalia dagaa. Ila akipanda mawe kurudi nyumbani kifua bado kinabana, si kama zamani lakini kipo. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, namhesabia mwenyewe kila asubuhi. Asanteni sana.