Waandishi wa skripti za Bash hapa Tanga: return si tenga la samaki!

Wakuu,

Skripti ya stoo (faili la amri za kompyuta, kwa lugha ya Bash) inayozunguka kwenye flashi, kuanzia Ngamiani mpaka Chuda, kila anayeinakili anaiacha na uozo ule ule. Jodari kilo 300 wanashushwa, skripti inaandika 44. Halafu mnalaumu mizani!

Mizani haina kosa. Ndani ya funksheni (kipande cha skripti kinachoitwa kwa jina) mmeandika return $kilo. Kwenye Bash return haibebi jibu, inabeba hali ya kumaliza kazi tu: namba moja, 0 hadi 255. Ikizidi hapo, sheli (ya kompyuta, yaani Bash yenyewe, si ya mafuta) inatoa 256 na kukuachia baki. Kilo 256 kamili zinarudi 0, na 0 maana yake "kazi imekwenda salama". Kilo 12.5 haipokei kabisa. Yuko hata aliyeandika return $kilo $bei. Jamani!

Waliojanjaruka kidogo wanatumia echo kuandika jibu, kisha pima | read jina kilo bei, yaani funksheni pima impe read jibu, read alijaze kwenye vigeu (majina yanayobeba thamani). Vigeu vyote vitupu. Bash inaendesha kila upande wa paipu (alama |) kwenye sheli mtoto, na mtoto akifa anakwenda na vigeu vyake. Wengine read wameiweka vizuri, ila wametenganisha kwa nafasi: "papa mkavu 12 8000" inasomwa jina ni papa, kilo ni mkavu, bei ni "12 8000". Tabu (ya kitufe cha Tab) nayo haiwaokoi, kwa sababu tabu mbili zikifuatana read inazihesabu moja. Kilo ikiwa tupu, bei inahamia kwenye kilo. Tenganisheni kwa alama ya paipu:

pima() {
  echo "Inapima $1..." >&2
  [[ -n $2 ]] || return 1
  printf '%s|%s|%s\n' "$1" "$2" "$3"
}
jibu=$(pima "papa mkavu" 12.5 8000) || exit 1
IFS='|' read -r jina kilo bei <<< "$jibu"

Hiyo >&2, inayopeleka ujumbe kwenye njia ya makosa, si pambo. Ikiondoka, "Inapima..." inaingia ndani ya jibu, na read inachukua mstari wa kwanza tu, yaani huo huo wa porojo. Na return 1 pale ndiyo kazi yake halali: kusema kazi imefeli.

Mkiwa ndani ya funksheni nyingine msiandike local jibu=$(pima ...) kwa mkupuo. Hali inayobaki ni ya local (amri ya kutangaza kigeu cha ndani ya funksheni), ambayo ni 0, kwa hiyo pima ikifeli hamjui. Local jibu mstari wake, kujaza mstari wake.

Kuna local -n pia, inayojaza vigeu vya aliyeita moja kwa moja. Inataka Bash 4.3 kwenda juu, Bash 3.2 inayokuja na Mac haiitambui. Tena ukiita kigeu cha ndani kilo na cha nje nacho kilo, kinajielekezea chenyewe na onyo linatoka. Cha ndani kiiteni _kilo.

Atakayekuja na "hamieni Python" (lugha nyingine ya programu), sawa, huko return jina, kilo, bei inarudisha vyote vitatu kwa mstari mmoja. Ila siku mkiongeza cha nne, kila mstari unaopokea vitatu unagoma.

Mwenye nakala ya asili arekebishe, aiweke hapa hapa. Aanze kwa kufuta return $kilo.