Rangi inagoma kukaa kwenye boya la dumu, nifanyeje?

mvuvi_mikindani: Wadau za jioni, niko Mikindani, maboya yangu ni madumu ya lita 20 nayapaka rangi nyekundu yaonekane kwa mbali maana boti zinatukatia sana nyavu, sasa rangi ya mafuta ikishakauka ukiigusa na kucha inatoka ganda zima kama nyoka kajivua gamba. Msasa nimepiga mara mbili wapi. Jamaa kanambia kuna namna plastiki inasukiwa plastiki nyingine ndani ya ngozi yake, kweli hiyo au porojo?

baharia_msimbati: Funga kitambaa chekundu mkuu maisha yaendelee 😂

ticha_kemia_lindi: Sio porojo. Dumu ni polietilini, limwagie maji uone, yanajikusanya matone kama kwenye jani la myugwa, na rangi inakataliwa hivyohivyo. Msasa unakwaruza tu, tabia inabaki ileile.

Hiyo ya kusuka wanaloweka plastiki kwenye kimiminika cha molekuli ndogondogo, inavimba kidogo, zinapenya, halafu kwa joto au mwanga wa urujuanimno zinashikana zenyewe humohumo zinakuwa mtandao wa pili. Wewe mvuvi utanielewa: wavu umesukwa ndani ya macho ya wavu mwingine, hakuna fundo linaloziunganisha ila kuzitenganisha mpaka ukate. Mkemia Millar ndo aliipa jina mwaka 1960, ingawa mkemia mwingine, Aylsworth, alishachukua hataza ya kitu cha namna hiyo 1914. Silikoni, ule mpira laini, inavimba kirahisi, ndo maana wamehangaika nayo kwenye mipira ya mkojo ya hospitali, uso uwe unapenda maji na uteleze. Dumu lako ni gumu kuvimba, na zile kemikali sio za kuchezea uani.

Tumia moto. Tochi ya gesi, ule wa bluu, pitisha fastafasta bila kusimama, uso unashika oksijeni. Fanyia nje, kifuniko wazi, na dumu liwe halijawahi kubeba petroli! Likipoa mwagia maji, yakitandaa paka siku hiyohiyo.

mvuvi_mikindani: Mwalimu nimerudi. Nimeazima tochi kwa fundi friji, dumu la kwanza nilizubaa likatoboka, la pili maji yametandaa vizuri isipokuwa karibu na mkono wake ambako sikupitisha moto. Leo nimekwangua, kucha inateleza tu, ila pale mkononi imetoka yote kama zamani.

baharia_msimbati: Hiyo tochi ikirudi kwa fundi nishtue, nina maboya sita.