Victory 1:72: papi za omo zinapandana

Randa_Ndogo
Wakuu, naunda mfano wa HMS Victory, meli ya kivita ya Kiingereza, kwa kipimo cha 1:72. Mataruma (mbavu za meli) ni ya plaiwudi, ganda ni la tabaka mbili: ya kwanza papi (vipande vyembamba vya mbao) za mti laini za mm 1.5 × 5, ya pili mti wa mjozi (walnut) wa mm 1 × 4. Papi sita zimeshalala kila upande kuanzia juu. Ya saba inagoma. Nikiibana omoni (mbele ya meli) inapanda juu ya ya sita. Nikiilazimisha ishuke, inasimama ubavu na kuachia taruma la pili. Tezini (nyuma ya meli) ni kinyume, kuna pengo la mm 2. Nimeloweka usiku kucha, wapi. Kosa ni nini?

Taruma
Mkuu, ugomvi hapo si ukavu wa mti, ni upana. Mzingo wa ubavu katikati ya meli ni mkubwa kuliko wa omoni, nawe unapeleka papi za mm 5 kote. Zikifika mbele hazina pa kukaa, zinapandana.

Chukua utepe wa karatasi, ulaze juu ya taruma pana la katikati kuanzia ukingo wa papi ya sita mpaka mkukuni (uti wa chini wa meli), weka alama. Rudia kwenye taruma la kwanza la omo na la mwisho la tezi, kisha lete vipimo vitatu hivyo.

Kagua pia kingo za mataruma matatu ya mbele. Kama hazikuchongwa mshazari, papi inagusa ncha tu na gundi inashika mstari mwembamba kama uzi. Laza papi bila gundi uchungulie: ukiona mwanga chini yake, tupa (chuma cha kukerezea) bado ina kazi. Nafasi kati ya mataruma hayo jaza balsa, uisawazishe.

Randa_Ndogo
Katikati 145, omo 87, tezi 160.

Taruma
Basi: 145 ÷ 5 ni papi 29. Omoni 87 ÷ 29 ni mm 3, kwa hiyo kila papi ipungue kutoka 5 hadi 3, ukianzia kama taruma la tano kwenda mbele. Randa ukingo wa juu tu, ule unaopakana na papi iliyokwisha kulala. Usishuke chini ya nusu ya upana (2.5), maana ncha itapasuka kwa pini.

Tezini papi 29 zinafunika 145 tu, zimebaki 15. Hizo ni papi tatu za kujazia, zilizochongwa kama kabari na kuingizwa katikati ya nyingine. Usivute papi ndefu kuziba pengo, zitakufyatukia baadaye. Pima upya kila baada ya papi tano.

Gundi_Nyeupe
Balsa mimi sishauri. Msasa unaila kabla ya plaiwudi, unabaki na bonde kati ya mataruma. Tumia vipande vya mti laini wa kawaida.

Kuloweka: papi ya mm 1.5, dakika 20 kwenye maji ya moto zinatosha. Ikunje, ibane mahali pake bila gundi, ikauke kabisa, ndipo ugundishe. Mti ukilowa unavimba upana. Ukigundishwa hivyo, ukikauka unanywea na kuacha ufa kila kiungo. Mjozi usiuloweke usiku kucha, nyuzi zinanyanyuka.

Halafu, hizo sita ulizipishanisha, moja kulia, moja kushoto? Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku unapinda, na mkuku uliopinda haurudi.

Mzinga104
Kwa kuwa bado uko juu, fikiria matundu ya mizinga sasa. Safu zake zinafuata mpindo wa sitaha (sakafu ya meli), si mstari wa maji. Anayepima kutoka mezani hupata safu iliyonyooka kama rula inayokatiza sitaha. Kata ukanda wa kadibodi, ukunje ubavuni kutoka omo hadi tezi, uchore juu yake matundu 15 ya sitaha ya chini na 14 ya kati. Kizingiti cha juu na cha chini vilale na sitaha, lakini miimo ya pembeni isimame wima hata pale sitaha inapopanda.

Chini ya maji usijisumbue na urembo wa mjozi. Victory ilivishwa shaba mwaka 1780, na kwa kipimo chako bati moja ni kama mm 17 × 5. Kabari zote tatu zitafichika. Mabonde hayafichiki: shaba inayaonyesha kuliko mti mtupu.

Randa_Ndogo
Sikupishanisha. Naweka uzi juu ya mkuku nipime kabla ya kugusa ya saba.