Tupeane uzoefu: Mwaka wa kwanza wa mume na mke katika mji mgeni

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya mwaka wa kwanza wa mume na mke katika mji wasiokuwa na ndugu wala rafiki. Mlibadili nini nyumbani, mlitembelea wapi, na watu wenu mliwapataje? Nitaanza mimi.

Mwezi wa Agosti 2024 tulihama Dar es Salaam kwenda Dodoma, kwa treni ya umeme iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza safari hizo, kwa kuwa mke wangu ni mtumishi wa umma na alihamishiwa Mji wa Serikali, Mtumba. Mimi ni fundi cherehani. Vyerehani vyangu vilitangulia kwa lori. Tulipokuwa Kimara tulionana usiku tu, maana yeye aliondoka alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi nimeshasinzia. Tulipohamia Ipagala alianza kufika nyumbani kabla ya magharibi, na badala ya furaha niliyoitarajia, tukajikuta tumekaa sebuleni hatuna la kuambiana. Nalisema wazi kwa sababu naamini limewapata wengi. Ndipo tukajiwekea desturi ya kutembea kila jioni kabla ya kupika, simu tukiziacha nyumbani.

Katika matembezi hayo tulimfahamu mama mmoja wa Kigogo anayeuza mboga kavu kibarazani kwake. Siku mke wangu alipomwamkia kwa "mbukwa", mama yule aliweka ungo chini, akamshika mkono na kumwingiza jikoni kumfundisha mlenda: maji yachemke kwanza, unga wa majani makavu unyunyizwe kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga, kisha karanga zilizotwangwa zifuate, na moto upunguzwe usije ukafurika. Mwanawe na mkewe ndio tuliokwenda nao Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tukiwa katikati ya kilima, soli ya kiatu cha mke wangu ilibanduka, na yule binti akachana ukingo wa kanga yake akakifunga. Tangu siku hiyo wanaitana dada.

Mchangiaji kutoka Tanga: Kaka, kwetu ilikuwa baiskeli. Mume wangu alipostaafu tulitoka Mwanza tukahamia Tanga, mji ambao watu wazima huendesha baiskeli na hakuna anayewashangaa. Nilijifunza nikiwa na miaka 54, kwenye barabara za Raskazone, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, yeye akinishikilia kwa nyuma. Wanawake wawili waliokuwa wakitupita walianza kwa kunipa pole nilipoanguka, na baada ya miezi mitatu wakaniingiza katika upatu wao. Mapango ya Amboni tulikwenda nao, kwa baiskeli.

Mchangiaji kutoka Muscat: Assalamu alaykum. Sisi ni Wazanzibari, na nataka kueleza kosa langu ili mwingine asilirudie. Mwaka wetu wa kwanza huku nilimtafutia mke wangu marafiki mimi mwenyewe, wake za wenzangu wa kazini, naye akawa anakwenda kwa kunistahi tu. Rafiki wa kweli alimpata mwenyewe katika soko la Mutrah, pale bibi mmoja, ambaye wazee wake walitoka Unguja baada ya 1964, alipomsikia akizungumza nami Kiswahili, akageuka akamuuliza, "Mwanangu, wewe wa mtaa gani?" Siku hizi Ijumaa baada ya sala tunakula kwake, na jioni, joto likipungua, tunatembea naye ufukweni polepole kwa ajili ya magoti yake. Hapo mimi ndiye mgeni, niliyeletwa na mke wangu.

Mchangiaji kutoka Kisumu: Kaka wa Dodoma, mimi na mume wangu tumefika huku kutoka Mombasa mwezi wa tano sasa, na ule ukimya wa sebuleni ulioutaja ndio tulio nao. Naomba unieleze, jioni ile ya kwanza ni nani kati yenu aliyesema mwende mkatembee?

Jibu kutoka Dodoma: Ni yeye, dada yangu. Alisimama, akavaa ndala zangu zilizokuwa mlangoni, akaniambia nichukue ufunguo.