Anwani pepe inapotea asubuhi na seva ya akiba haishiki zamu

mlinda_lango:
Habari zenu wakuu. Nina seva mbili za Ubuntu 18.04 zinazolindana kwa keepalived 1.3.9, programu inayoifanya seva moja ishike zamu nyingine ikianguka. Seva kuu ina kipaumbele 150, ya akiba 100, na wateja wote huingia kupitia anwani pepe moja, yaani anwani ya IP inayowekwa kwenye seva iliyo zamuni. Nikizima seva kuu, ya akiba hushika zamu bila shida. Hata hivyo, mara tatu sasa nimekuta huduma imekatika ilhali seva zote mbili ni nzima: kumbukumbu za seva kuu zinasema bado ni MASTER (iliyo zamuni), lakini amri ya `ip addr` inaonyesha anwani yake ya kawaida tu. Nikianzisha upya keepalived, mambo yanakaa sawa. Mara zote ilitokea kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika kazini.

waya_mrefu:
Mkuu, kagua ngome ya mtandao. Huenda inazuia VRRP, itifaki namba 112 ambayo keepalived hutumia kuitangazia seva ya pili kuwa seva iliyo zamuni bado ipo.

zamu_ya_usiku:
Kwa heshima, ngome ingezuia VRRP, seva zote mbili zingejitangaza kuwa MASTER. Hapa tatizo ni kinyume chake.

Saa uliyoitaja ndiyo iliyonishtua. Masasisho ya kujiendesha ya Ubuntu hupangiwa saa 12 asubuhi, kisha hucheleweshwa kwa bahati nasibu hadi dakika 60. Sasisho likigusa systemd, programu inayosimamia huduma za Ubuntu, huduma yake ya mtandao, systemd-networkd, huanzishwa upya, nayo ikiamka husoma faili zake za usanidi na kuondoa kwenye kadi ya mtandao kila anwani isiyoandikwa humo. Anwani pepe haimo, kwa kuwa iliwekwa na keepalived, basi inafagiliwa.

Keepalived ya toleo hilo haigutuki. Inaendelea kutuma tangazo kila sekunde kwenda 224.0.0.18, kwa anwani ya kawaida ya seva, na seva yako ya akiba haishiki zamu mpaka isikie kimya cha sekunde 3.6 hivi, kimya ambacho hakiji. VRRP inapima kama mwenzake anasema, haipimi kama bado ana kitu mkononi.

Tazama `/var/log/apt/history.log`, kumbukumbu ya masasisho, ulinganishe tarehe. Dawa ni mpangilio wa `KeepConfiguration=static`, unaoiambia systemd-networkd isifute anwani hizo, ulioingia systemd 243 mwaka 2019; hakikisha toleo lako la systemd limeletewa mpangilio huo. Ukiweza, hamia keepalived 2.0 au zaidi, ambayo anwani ikifutwa huachia zamu yenyewe.

waya_mrefu:
Nakubali kosa. Nyongeza moja: kama unatumia netplan, zana ya Ubuntu inayoiandikia systemd-networkd faili za usanidi, usihariri faili lililo ndani ya `/run/systemd/network`, kwa sababu huandikwa upya kila seva inapowaka. Mimi nimeshapoteza mabadiliko yangu hivyo. Tengeneza faili la nyongeza chini ya `/etc/systemd/network`, katika saraka yenye jina la faili hilo la netplan na kiambishi `.d`.

mlinda_lango:
Ahsanteni sana. Tarehe zote tatu zimo kwenye kumbukumbu za apt, na kila moja ina systemd. Jana jioni nilianzisha upya systemd-networkd kwa makusudi na anwani ikatoweka mbele ya macho yangu. Baada ya kuweka faili la nyongeza nimerudia mara tano, haijabanduka. Keepalived nitaipandisha toleo mwisho wa wiki, nikianza na seva ya akiba.