Risasi ya Mpanda: itafutwe upya au iachwe ilale?

Mjukuu wa Mukwamba

Wadau, habari za leo. Naileta mada hii nikiwa Mpanda, na naomba tusiigeuze ya chama.

Kwa wasiojua, ile reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, haikujengwa kwa ajili ya mahindi wala abiria. Ilijengwa kufuata risasi. Sisemi za bunduki (kila nikitaja kuna mtu anashtuka), nasema madini, yale mazito ya kijivu yanayoingia kwenye betri za magari. Mgodi wa Mukwamba, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ulitoa risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo, mzigo ukapanda treni kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1960 ukafungwa, wakati bei ya risasi duniani iko chini.

Babu yangu alishuka na treni ile kutoka Tabora akawa hakupanda tena. Alituachia jiwe la ukubwa wa ngumi, mama anazuilia mlango mpaka leo. Ukiligonga linavunjika visanduku visanduku, kila uso unang'aa kama kioo. Mgeni akitaka kulisogeza kwa mguu lazima ashtuke: macho yameona jiwe, mguu umekutana na chuma.

Sasa siku hizi wameanza kuonekana tena watu wenye nyundo na mifuko ya sampuli, na mtaani watu wamegawanyika. Kuna wanaosema risasi ni sumu, iachwe ilale. Kuna wanaosema ajira, vijana wamechoka. Mimi naona pande zote mbili zinabishana kana kwamba risasi bado iko chini. Haiko chini, jamani. Inasagwa kila siku.

Dhahabu ya kwetu iko kwenye mikanda, yaani mishipa ya madini ndani ya mwamba, ya aina ile ile ya Mukwamba. Nina hisa kwenye karasha moja, mashine ya kusaga mawe, kwa hiyo nasema ninachokiona. Ukizungusha karai, maji yakaondoka na udongo, mwishoni kabla hujaiona dhahabu kuna mchanga wa kijivu unaometa unagoma kutoka, kwa sababu na wenyewe ni mzito. Vijana wanautukana. Zebaki tunayokamatia dhahabu ikikutana nao inachoka, inasambaratika vijitone, haikamati. Ule ndio galena, yaani ndiyo risasi yenyewe. Tunaumwaga kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, na marudio ya watu wengi yako nyuma ya nyumba, kuku wanaparua na watoto wanajengea vijumba.

Hoja yangu ni hii. Utafiti ufanyike, ila kwa sharti moja. Mtafutaji wa risasi huanza na udongo. Anapiga mistari porini, kila baada ya hatua kadhaa anachota kidogo, na kichuguu akikikuta anakichota pia, maana mchwa wameshamchimbia bure. Risasi haitembei sana kwenye udongo, inang'ang'ania karibu na ilipotoka, kwa hiyo namba zikipanda ghafla anajua mkanda hauko mbali. Sasa namba hizo hizo zikipanda uani kwa mtu? Karatasi ni moja. Mwekezaji anaisoma anaona mali, mama mwenye mtoto wa miaka 2 angeisoma angehama chumba. Lakini mama haioni. Taarifa za utafiti zinakwenda serikalini na kwa mwenye leseni, ofisi ya kijiji inabaki na barua ya utambulisho tu.

Nataka kila namba ya udongo iliyochukuliwa ndani ya makazi ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Ya porini wafiche wakitaka. Karibuni.

Mwenye Duara

Mkuu, mada nzuri, ila umeanza mbali sana na tumbo langu.

Mimi niko upande wa Dirifu, machimbo ya dhahabu hapa Mpanda. Hilo jina lenyewe, kwa sikio langu, ni "D Reef" ya Wazungu, yaani mkanda D, iliyozoea vinywa vyetu, kwa hiyo utaona habari ya watafiti haikuanza leo. Watoto wangu wanne wamesoma kwa haya marudio unayoyaita sumu. Ninachokijua ni kwamba mtu wa sampuli anakuja anakusalimia vizuri, mnakunywa naye chai, anachukua majira ya nukta kwa kile kidude chake. Ukishtuka, uko ndani ya leseni ya mtu. Leseni ya utafiti inaanza na miaka 4, halafu anaongezewa. Wewe unakula mgawo wa siku kwa siku, utamsubiri?

Wakikuta mkanda mnene, nani anahama? Hilo lijibiwe kwanza. Habari ya kubandika karatasi ofisini tutasoma wakati tuna pa kulala.

Hesabu Kwanza

Naomba niwapunguzie joto kidogo. Risasi kwa miaka mingi imekuwa ikicheza kwenye dola 2,000 kwa tani, yaani dola 2 kwa kilo. Chukua mbale nzuri, yaani mawe yenye madini, yenye risasi asilimia 5. Tani moja ina kilo 50, dola 100, na hapo hujachimba, hujasaga, hujasafirisha. Gramu moja ya dhahabu kwa bei za sasa inazidi hapo. Na dunia yenyewe zaidi ya nusu ya risasi yake inaipata kwa kuyeyusha betri chakavu.

Halafu mzigo utaupeleka wapi? Galena iliyosagwa na kuchujwa ni makinikia, kama yale ya dhahabu na shaba tuliyoyapigia kelele 2017, serikali ilipozuia yasisafirishwe nje. Hakuna anayekuja Mpanda kwa ajili ya risasi. Mnagombania kivuli.

Mjukuu wa Mukwamba

@Hesabu Kwanza sawa kabisa, na umenisaidia bila kujua. Kama haina bei, basi hakuna atakayeibeba kuiondoa. Itabaki uani.

Mpiga Nyundo Mstaafu

Nimefanya kazi ya kutafuta mikanda zaidi ya miaka 30, baadhi huko huko Katavi. Mniruhusu niseme kirefu kidogo.

Mwenzetu wa hesabu yuko sahihi kwa risasi peke yake, lakini Mpanda haitoi risasi peke yake. Mkanda wa kule ni kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, pamoja na sideraiti, jiwe la kahawia lenye chuma, umejipenyeza kwenye nyufa za mwamba wa zamani sana, nyufa zinazoelekea kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Humo risasi, shaba, fedha na dhahabu vinalala kitanda kimoja. Kwa hiyo kwenye maombi ya leseni utasoma dhahabu, na risasi itafuatana nayo kama mkwe asiyealikwa.

Kwa nini watu wanarudi kwenye eneo lililokwisha kuchimbwa? Kwa sababu mkanda hauna adabu. Unaweza kuwa na unene wa mita 2, ukaufuata hatua thelathini ukawa uzi, ukapotea, halafu ukavimba tena mbele au chini zaidi. Wachimbaji wa zamani waliishia pale ulipokuwa uzi. Ramani zao za chini ya ardhi ndizo mali ya kwanza anayotafuta mtafiti, kabla ya nyundo. Ya pili ni vifusi vyao, unapasua mawe waliyoyatupa uone waliyakataa kwa nini. Kisha udongo, kama mtoa mada alivyosema. Kisha umeme, maana galena inapitisha umeme vizuri kuliko mwamba unaoizunguka, unatuma mkondo ardhini unapima unavyorudi. Kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, kunakuja mwisho kabisa, ndiko kunakokula fedha, na mashimo mengi yanatoka mikono mitupu. Nimewahi kusimama kwenye mashine wiki tatu, sanduku baada ya sanduku la mawe ya bure, mpishi wa kambi akatupiku kwa kuokota jiwe la mkanda njiani akitoka kuteka maji.

Sasa nimsahihishe mtoa mada, na naomba asome hapa kwa makini. Umesema risasi ni ule mchanga unaometa. Ule ndio unaonekana. Mkanda ukikaa karibu na uso wa nchi kwa maelfu ya miaka, hewa na maji ya mvua vinaigeuza galena kuwa kitu cheupe au cha kijivu kilichofifia, kama majivu au chokaa chafu. Kitaalamu ni serusaiti. Hakimeti. Mchimbaji mdogo anaanza juu, kwa hiyo mara nyingi anachosaga ni hicho. Na hicho ndicho kinachoyeyuka kirahisi tumboni kuliko galena safi. Ukimwambia mtu ajihadhari na kinachong'aa, umemwelekeza pasipo.

La mwisho. Juu ya mkanda udongo huwa na risasi nyingi hata kama hakuna mtu aliyewahi kupiga sululu. Kwa hiyo namba pekee haimtaji mkosaji. Ndiyo maana mimi naunga mkono zibandikwe, na zichukuliwe mapema, kabla mashine hazijaingia. Kampuni yenye akili ingelipigania jambo hili yenyewe, isije ikabebeshwa baadaye dhambi za mvua.

Mwenye Duara

Shikamoo mzee. Hayo majivu tunayajua, sisi tunaita ugali. Mkanda ukiwa na ugali tunafurahi maana ni laini, unasagika haraka.

Mpiga Nyundo Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mnaukausha kabla ya kusaga, au mnasaga na maji?

Mwenye Duara

Karasha letu ni kavu mzee. Vumbi kama la unga mashineni.

Sista wa Zamu

Nilikuwa nasoma kimya kimya, hapo kwenye vumbi nimeshindwa.

Mwaka 2010, Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Dhahabu ilipanda bei, wanavijiji wakabeba mawe ya mkanda nyumbani, wakayasaga kwa mashine za nafaka, majumbani mwao. Mawe yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa ndani ya miezi michache, wengi chini ya miaka 5. Degedege. Mwanzoni watu walidhani ni malaria, kama ambavyo mimi na wewe tungedhani. Hapakuwa na kampuni kubwa pale, wala mgodi wa risasi. Walikuwa wanatafuta dhahabu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe, na hakuna kiwango kinachosemwa ni salama. Mtoto mdogo anaipokea zaidi kuliko mtu mzima, na anatia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo ndugu Mwenye Duara, swali lako la nani anahama ni halali, lakini kuna ya kufanya usiku huu huu bila leseni ya mtu yeyote: baba asiingie na nguo za karasha ndani, zioshwe mbali na za watoto. Unga wa mahindi usisagwe kwenye mashine iliyowahi kuona jiwe.

Na wewe mtoa mada, hilo jiwe la mlangoni. Nani anafagia pale?

Wa Changamwe

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Huku kwetu, Kilifi, pia kuna mgodi mkongwe wa risasi, Kinangoni, kwa hiyo mjadala huu si wenu peke yenu.

Nataka kusema neno juu ya kubandika namba. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watu walishtaki. Mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, 2023 Mahakama ya Rufani ikaitupa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kilichobeba kesi ni damu iliyopimwa na udongo uliopimwa. Mtu asiye na karatasi atasimama mbele ya jaji aseme mtoto alikuwa mchangamfu zamani, basi. Zibandikwe.

Hesabu Kwanza

Na zikibandikwa, kiwanja changu cha Mpanda kitanunuliwa na nani?

Mjukuu wa Mukwamba

@Hesabu Kwanza hilo ndilo jibu la kwa nini hazibandikwi, na umelitoa wewe.

@Mwenye Duara umenibana pazuri. Mwenye leseni hai ya uchimbaji mdogo, hata ya hekta 10, leseni ya utafiti haitolewi juu yake. Anayeumia ni wewe unayekula mgawo kwenye duara (shimo la kuchimbia) la mwingine, au uliyekaa miaka kumi bila karatasi. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu: wachimbaji waliopo waorodheshwe na kupewa leseni zao kabla mtafiti hajapewa yake. Nilianza na udongo kwa sababu nina hisa kwenye karasha, sina duara. Nakiri.

Mzee wa nyundo, asante. Leo nimekwenda kwenye karasha letu nikawaambia wenzangu tuanze kusaga kwa maji. Mmoja akauliza maji yatatoka wapi Septemba. Tunalijadili Jumamosi.

Sista, anayefagia pale ni mama, na mjukuu wake humsaidia. Jioni nimelifunga jiwe la babu kwenye mfuko wa saruji nikaliweka juu ya kabati la vyombo vya kazi, nje. Mama amekasirika, anasema lile jiwe limekaa pale tangu hatujazaliwa. Nimempa tofali. Upepo ukivuma mlango unalisukuma.